Chini ya Blanketi la Pasi

Dobi alivuta blanketi lililoungua ili atandike jipya, akaona jicho la mtu likimtazama kutoka mezani.

Alipangusa vumbi kwa kiganja. Ilikuwa picha iliyochorwa kwa rangi kwenye ubao wa meza: mwanamume amebeba mtoto mchanga. Shavu lake moja lilikuwa limebabuka, pale pale dobi anapokandamiza kola za mashati kila siku, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mama, nani huyu kwenye meza ya pasi?"

Mama alijibu kutoka kitandani. "Baba yako. Alijichora amekubeba, mwaka ule ule aliokufa."

Tangu utotoni dobi aliambiwa hakuna picha ya baba iliyobaki.

"Ukamfunika?"

"Ubao ulikuwa huo mmoja, mwanangu, na tumbo halina likizo. Kumtazama huku napiga pasi kulinishinda."

Dobi hakuwa na nguvu ya kugomba. Mgongo ulimuuma, na mashati ya watu yalikuwa yanangoja. Alimtazama baba yake tena, akamwomba Mungu ayatie nguvu magoti yake.

Kisha akatandika blanketi jipya sakafuni, akapiga magoti, akaanza na kola ya kwanza.