Shingo ya Kapagazi

"Mpe jembe tu, binti yangu," alisema mzee wa kiwanda cha chapa. "Saa nne gazeti linaingia mtamboni."

Paskazia alikuwa mchoraji wa nne wa Kapagazi, mtoto wa katuni aliyesomwa na watoto kutoka Tabora hadi Nzega. Mwezi huu Kapagazi alikuwa anahamia kijiji cha Ujamaa, lakini kila Paskazia alipomchora na jembe, mtoto alionekana mgonjwa.

Akaibandika michoro ya waliomtangulia kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine. Jua la asubuhi likapenya karatasi zote.

Wa kwanza alimtwisha robota la kitambaa, akamtia kwenye msafara wa Ujiji. Wa pili alimtua mwaka wa Uhuru, akamvisha viatu. Wa tatu akampa madaftari. Nguo zilipishana, hata sura zilipishana.

Shingo ilikuwa ile ile. Miaka kumi na miwili tangu atuliwe robota, bado ilikuwa imezama mabegani, na macho yakitazama chini.

Mzee akasogea, akatazama kwa muda mrefu.

"Nimemchapa tangu mwanzo," akasema taratibu. "Sikuiona."

Paskazia akachukua karatasi mpya, akaivuta shingo juu kwa mstari mmoja. Macho yakainuka, yakakutana na yake.

Mtoto huyu alikuwa na miaka kumi tangu kabla Paskazia hajazaliwa.

"Shikamoo," akamwambia.