Ukurasa wa Mwaka wa Nne

Kabla ya kumpa Zuwena viza ya kumfuata mumewe ng'ambo, ofisi ilitaka ushahidi kwamba ndoa yao ingali hai. Barua ilisema hivyo hivyo, "ingali hai," kana kwamba inamjulia hali mgonjwa.

Akaenda kwa Bi Mwanaidi, mwenye duka la kuchapa, akamkabidhi simu. Wakachapa kila neno aliloandikiana na mumewe, Shamte, tangu aondoke.

Mwaka wa kwanza ulimaliza rimu nzima ya karatasi, na Bi Mwanaidi alikuwa akigeuza uso kwa haya. Wa pili ulijaza faili. Wa tatu ulitosha kibanio kimoja. Wa nne ulitoka ukurasa mmoja, mashine ikanyamaza.

"Karatasi imekwama?" Zuwena akauliza.

"Haijakwama, mwanangu. Ndiyo yote."

Akausoma amesimama. *Ofisini wamejibu? Bado. Wamejibu? Bado.* Mpaka chini. Hapakuwa hata na "umekula?"

"Wameikaba ndoa hii miaka minne," alisema, "leo wananiuliza mimi kama inapumua!"

Akaichukua simu, akaandika: *Shamte, niandikie maneno ya mapenzi. Marefu. Wanataka kuyaona.*

Alama zikageuka buluu. Amesoma. Juu ya kioo likatokea neno "anaandika", likapotea, likatokea tena.

Bi Mwanaidi akapachika karatasi nyeupe kwenye mashine, wakangoja.