Pikipiki Isiyolala Njiani

Yosamu alikuwa na kondensa mbili mkononi, vile vikopo vidogo vinavyotunza cheche za injini, moja nzima na moja mbovu, na kwa macho hakuna mtu angeweza kuzitofautisha.

Pikipiki ya afande Olanya ilisimama mbele yake, ubavu mmoja wazi. Afande mwenyewe alikuwa ameisukuma kutoka kambini mpaka gereji hii ya mabati nyuma ya soko la Kasese. Alipofika alizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, huku akitupia macho barabarani, ambako askari wenzake wawili walikuwa wakinunua ndizi.

"Wewe fundi. Hii pikipiki nataka leo jioni."

"Ndiyo, afande."

"Itabeba watu wawili mpaka Mpondwe? Bila kusimama?"

"Itabeba, afande. Kampuni yake iko mzuri."

Afande akamkazia macho. "Wewe ni ndugu ya Samsoni?"

Yosamu akaitikia kwa kichwa.

"Basi utatengeneza mzuri," alisema afande, akaondoka.

Samsoni, mdogo wake Yosamu, alikuwa amefungwa katika kambi hiyo tangu msimu wa pamba. Walimkamata Bugoye, wakamsingizia kwamba anapeleka chumvi kwa waasi wa mlimani. Ketura, mke wa Samsoni, alipeleka chakula langoni kila siku, na kila siku akarudi nacho. Na mjini watu walinong'ona jambo moja tu: jua likianza kushuka, mfungwa hupakiwa nyuma ya pikipiki, hupelekwa njia ya Bwera, iendayo Mpondwe mpakani mwa Kongo, na pikipiki hurudi na mtu mmoja.

Watu wawili mpaka Mpondwe. Yosamu hakuhitaji kuambiwa wa pili ni nani.

Angefanya nini? Akisema hana spea, afande angeipeleka kwa Blasio, fundi wa ng'ambo ya barabara, na Samsoni angekufa vilevile. Akikimbia, wangemchukua Ketura. Alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Tuseme ukweli, Yosamu alikuwa fundi mwenye maringo. Alikuwa na maoni yake kuhusu watengenezaji wa pikipiki, na aliyatoa bila kuombwa. Zile za Ulaya zilizoingia miaka ya sitini zikimetameta ziko wapi leo? Kila mwaka zilibadilishwa hiki na kile, spea ya jana ikakataa pikipiki ya leo, na sasa kuku wanazitagia mayai. Hii ya Wajapani imebaki barabarani, hata baada ya duka la spea kufungwa, kwa sababu wenyewe hawakuwa na haraka ya kujionyesha. Kondensa iliyotoka kwenye pikipiki ya kwanza kabisa ya Wajapani kufika Kasese inaingia kwenye hii mpya ya afande bila kugongwa hata kidogo. Kampuni inadumu, alizoea kusema, mwenye pikipiki akiweza kumwambia mkewe nitarudi jioni, na kweli akarudi.

Kondensa hiyo ya zamani ndiyo iliyokuwa mbovu. Ugonjwa wake aliujua. Injini ikiwa baridi, inawaka vizuri na kuunguruma kwa raha. Ikishika moto, cheche zinakufa, na hata ukipiga kiki mpaka mguu uvimbe haiwaki tena mpaka ipoe.

Ingezima wapi, hakujua. Labda Kikorongo, kwenye kizuizi cha askari, labda mbele kidogo. Popote pale afande angelazimika kushuka na kuinama kwenye injini, na Samsoni, aliyezaliwa kwenye miteremko, alijua kukimbia. Nyasi za kule ni ndefu. Na asipoweza kukimbia, basi angerudishwa kambini akiwa hai, apate walau siku nyingine.

Hakuwahi kumkabidhi mtu pikipiki mbovu tangu aanze kazi. Akapiga moyo konde, akaifunga ile mbovu.

Jioni afande alikuja peke yake. Akapiga kiki moja tu, injini ikaitika. Akainamisha kichwa kuisikiliza, na uso wake ukalegea.

"Iko mzuri," alisema. "Haitanilaza njiani?"

"Haitakulaza, afande."

Afande akamshika mkono. "Asante sana, fundi. Mungu akusaidie."

Yosamu hakuwahi kusikia askari akishukuru. Aliona ni dhihaka.

Baada ya muda mfupi pikipiki ilipita mbele ya gereji. Nyuma ya afande aliketi mtu aliyevaa koti refu la mvua la kijeshi, kofia imeshuka mpaka machoni. Mwendo ulikuwa wa kasi. Yosamu alisimama barabarani, akausikiliza mlio ukielekea Bwera, bado safi, mpaka ukapotea. Akaomba izime mapema.

Aliporudi ndani alimkuta Ketura akimsubiri. Alikuwa amefunga mzigo mgongoni, anahema, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe akamatwe alikuwa akitabasamu.

"Shemeji, funga mlango, usipige kelele," alinong'ona. "Afande alikuja nyumbani jana. Na yeye askari wenzake wanataka kumukamata, anatoroka. Anavuka Kongo na Samsoni. Kizuizini hawatasimama, watapita mbio tu. Alinikataza nisikuambie mpaka waondoke, eti uso yako haiwezi kuficha kitu."

Yosamu alishika ukingo wa meza.

"Alitaka kwenda kwa Blasio," Ketura alisema. "Ni mimi nilimwambia alete kwako."