Mgeni Asiyetaka Kitu

Nyie, mmewahi kuona mtu anamkasirikia mgeni kwa kuwa mgeni hataki kitu?

Khalaf aliufunga mlango wa gari kwa kishindo mpaka vumbi likaruka. Toka asubuhi alikuwa akimzungusha mji mzima wa Ibra, huko Omani, Skolastika, dada yake wa baba mmoja, aliyefika juzi kutoka Kigoma. Alimwonyesha shamba la mitende na mfereji wa falaji unaopita katikati, maduka mawili sokoni, nyumba za kupangisha. Vyote vimetokana na mali ya baba yao. Kila walipoteremka, mwanamke yule alitazama, akasema Mungu amzidishie, akarudi garini.

Khalaf alikuwa na hakika amekuja kudai urithi. Sheria haimpi, maana yeye Mkristo kama mama yake. Lakini watu wana midomo, na Khalaf hakutaka jina la marehemu liburutwe barazani. Bora apewe kitu, aondoke.

Waliporudi nyumbani, kwenye majlisi, sebule ya wageni, mkewe Thuraya alikuwa keshaweka kahawa na halwa, ile nyeusi yenye lozi. Mgeni alisimama mbele ya picha ya baba yao ukutani, akatabasamu.

"Hapa nywele bado nyeusi," akasema.

Khalaf akazidi kufura. Aliingia chumbani, akarudi na kasha la bangili za dhahabu, zile pana, akamsukumia. Skolastika alilifunga taratibu, akalirudisha, akachukua kipande cha halwa.

"Basi chukua shamba," Khalaf akasema. "Sema."

"Sitaki shamba, kaka. Nimekuja kukuona. Yesu amenitosheleza, usiku nalala vizuri."

"Unalala vizuri kwenye kile chumba chako kimoja?"

"Viwili. Kimoja kinavuja."

Thuraya aliziba mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Khalaf hakucheka. Alisema wanaojitia kutosheka ndio wezi wakubwa. Alisema usiku anamsikia upande wa pili wa ukuta akiimba nyimbo zake za kanisani polepole, kama mtu aliyekwishalipwa, na yeye mwenye nyumba anagaragara mpaka alfajiri. Kanisa lenyewe huku hana, wenzake wa kusali nao hana, anamwimbia nani? Sauti ilipanda. Thuraya akamkumbusha kuwa huyu ni mgeni, akaambiwa anyamaze.

Skolastika alimngoja amalize. Hakukunja uso hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Khalaf zaidi.

"Mimi sina haja ya kitu chako," alisema. "Lakini wewe, kaka, una haja na mimi. Naiona tangu nilipofika. Sema tu, sitakucheka."

Khalaf alinyanyuka atoke. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Akarudi, akakaa chini kwenye zulia, karibu naye, na kanzu yake nyeupe.

"Baba alinileta huku na mama ningali nanyonya, akarudi kwenu," akasema. "Akawa ananiletea mali tu, mpaka mkamzika nyie. Sikuitaka mitende, dada. Nilitaka anipokee nikitoka skuli. Nambie, wewe alikuwa akikwambia nini?"