Kazi ya Mkono wa Kushoto

Mzee aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza pajani taratibu kama mtoto aliyesinzia. Tangu apooze upande huo, hakuwa amegusa piano yake.

"Mwalimu, tusidanganyane. Piano ni mikono miwili."

Mwalimu alikuwa ameishiwa mbinu, akaomba msaada kwenye kundi la mtandaoni la walimu wa muziki wanaofundisha majumbani. Wengi walimpa pole. Mmoja, ambaye hawajawahi kuonana naye hata siku moja, aliuandika upya wimbo aupendao mzee, noti zote akazikabidhi mkono wa kushoto.

"Jaribu mstari mmoja tu, baba."

Mzee alisonya. Kidole kidogo kikatafuta besi, kidole gumba kikaparamia sauti ya wimbo. Akakosea, akanung'unika, akarudia, mstari kwa mstari. Mwishowe wimbo ukatoka mzimamzima.

"Mwalimu!" mke wa mzee aliita kutoka jikoni. "Leo umepiga vizuri, mpaka raha!"

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, simu mikononi, akiwarekodia wenzake wa kundini. Akafungua mdomo amjibu.

"Nyamaza," mzee alinong'ona bila kuacha kupiga. "Mwache aje ajionee mwenyewe."