Jasho la Bati

Mama mwenye nyumba alifungua chumba namba tatu kwa ufunguo wa akiba. Mpangaji wake, binti fundi cherehani, alikuwa ametoka kununua uzi.

"Nyumba ni yako, hodi ya nini?" kaka yake mama huyo alikuwa amemwambia.

Mama alitaka tu kuona kama kweli paa linavuja. Mara tatu binti yule alilalamika, na mara tatu alimjibu, "Hilo ni jasho la bati, mwanangu."

Mvua ilikuwa ikipiga. Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi mlangoni, na pale kilipokuwa palikaa ndoo, imejaa hadi maji yamevimba ukingoni. Kando yake, juu ya mkeka, palikuwa na rundo la sare za shule zilizokwisha kupigwa pasi.

Akiimwaga ndoo, binti atajua kuna mtu aliingia. Akiiacha, sare zitalowa.

Alishika kitasa, akakiachia. Akakishika tena. Tone likaanguka, na maji yakaanza kutambaa kuelekea mkekani.

Akainyanyua ndoo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akampigia binti simu.

"Hodi, mwanangu."

"Hodi? Kwani uko wapi, mama?"

"Ndani."