Nukta ya Buluu Darajani

Nukta ya buluu ilikuwa imesimama darajani dakika arobaini, na Bushra hakuwa na la kufanya ila kuitazama.

Samira, binti yake wa miaka tisa, ndiye aliyemwekea kwenye simu ramani inayoonyesha simu ya baba yake iko wapi. Kila Jumapili Naseeb, mumewe, alipokwenda na wenzake kuendesha baiskeli kwenye bonde la mto Magalies, Bushra aliifuata nukta kutoka jikoni kwao Rosettenville, huku kusini kabisa mwa Afrika. Inashuka mlima, inapita mashamba, inavuka mto, inapinda na mto, inauvuka tena. Kilomita tisini. Hajawahi kukanyaga huko, lakini kona zake alizijua kuliko mitaa ya Temeke alikozaliwa.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akampigia Seif, naye hakupokea.

Seif ndiye aliyewafuata waendesha baiskeli kwa pikapu, amebeba maji na mabegi yao. Naseeb Mzaramo, Seif Mnyamwezi: watani wa kufa na kuzikana. Asubuhi ile ya baridi kali ya Julai walianza utani wao mapema, mlangoni pale pale.

"Mpagazi, maji umepakia?" Naseeb aliuliza, akifunga zipu ya koti lake la njano.

"Nimepakia, mtumwa wangu. Lakini shemeji, huyu unamtoaje nje na kaptura ya kubana namna hii? Eish, huna aibu?"

"Wivu tu. Jaribu na wewe uvae, upendeze."

"Mimi nivae vitu vyako? Labda siku dunia imekwisha."

Walicheka mpaka jirani Mreno akafungua dirisha kuwaangalia. Bushra alicheka nao, ingawa utani wa Seif ulimtisha kidogo, maana haukuwa na breki. Mwaka jana, kwenye msiba wa Mzee Mahmoud, Mzaramo mwingine, Seif kwa haki yake ya mtani alivaa kofia na kanzu ya marehemu akapita katikati ya wafiwa akikohoa kama yeye, akilalamika kwamba chai haina sukari, mpaka mjane mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Wakongo waliokuja kutoa pole walishangaa. Watanzania walimpa Seif chai, na sukari.

Dakika hamsini na tano.

Angempigia nani? Gari hawana, na hata wangekuwa nalo, hajui kuendesha. Polisi? Angewaambia nini, kwamba nukta haitembei? Daraja lenyewe halijui jina. Alisogeza ramani kwa kidole, akaona mto, barabara nyembamba na kijani kitupu. Akaikuza zaidi, kana kwamba akikaza macho atamwona mtu amekaa kando ya barabara anaziba pancha.

"Baba amechoka tu," Samira alisema.

"Eti?"

"Amechoka. Anapumzika."

Bushra aliogopa, na kwa kuwa hakutaka mtoto aone, alianza kufoka. Akafokea sufuria, akafokea baridi, akafokea wanaume watu wazima wanaoacha vitanda vyao kwenda kuhangaika na milima. Uji wa Naseeb ulikuwa umepoa. Aliurudisha motoni ukachemka, akauepua, ukapoa tena.

Uji huo ulikuwa na desturi yake. Naseeb akirudi hafungui mlango kama watu. Husimama nje, huivua kofia yake ngumu, huigonga mara mbili kwa ngumi, kisha hupaza sauti jengo zima lisikie: "Bingwa kafika! Mama Samira, uji wangu uko wapi?" Hajawahi kushinda mashindano yoyote.

Ikapita saa moja na nusu. Kisha nukta ikatikisika, ikaanza kwenda.

"Alhamdulillahi," Bushra alisema, akakaa sakafuni.

Ilikwenda kwa kasi ambayo baiskeli haina. Basi, ni mnyororo umekatika, na Seif amempakia kwenye pikapu. Nukta ikaingia kwenye mji mdogo bondeni, ikasimama tena. Robo saa. Nusu saa. Saa nzima.

"Wanakula hao!" Bushra alimaka. "Mimi roho iko juu, wao wameagiza nyama choma!"

Sasa alielewa kwa nini simu hazipokelewi. Hasira zilimpanda, na zilikuwa tamu, kwa sababu zilikuwa zimechukua nafasi ya kile kitu kingine. Nukta ilipoanza safari ya kurudi mjini, ikitambaa kama gari lililobeba mayai, alikuwa keshapanga maneno yote. Atamwambia baiskeli inauzwa. Atamwambia achague, yeye au lile bonde.

Nukta ikakata kona ya mwisho na kusimama chini ya jengo lao. Bushra hakwenda dirishani. Alipasha uji kwa mara ya tatu, akaumimina kwenye kikombe kikubwa, akaongeza sukari. Hasira ni hasira, lakini mtu ametoka kwenye baridi.

Ngazini zikasikika hatua za viatu vya baiskeli, vile vyenye chuma chini. Ko, ko, ko. Zilipanda polepole. Zikafika mlangoni, zikasimama.

Kofia ikagongwa mara mbili.

"Bingwa kafika!" Sauti ilikuwa imekauka.

Samira alikimbia kufungua. Bushra alimfuata na kikombe mkononi, uso ameukunja, neno la kwanza liko tayari mdomoni.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Seif. Amevaa koti la njano lililombana mabegani na viatu vya Naseeb, amesimama kifua mbele, na kofia ya Naseeb mikononi ilikuwa na ufa kutoka mbele hadi nyuma. Nyuma yake waendesha baiskeli walikuwa wameijaza ngazi, kofia zao mikononi.

"Mama Samira," alisema kwa sauti ya Naseeb, machozi yakimtiririka, "uji wangu uko wapi?"

Samira alicheka, peke yake.